Mtani Msibani: Machungu na Kicheko Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kila vichekesho vya jukwaani, "standapu" kama vijana wanavyoviita, vinapojaza ukumbi Dar es Salaam, hakosi msomi wa kueleza kwamba sanaa ya mtu kusimama peke yake na kuchekesha kwa ufukara wake, talaka yake au maradhi yake imetoka Marekani. Ushahidi wake huwa mchekeshaji wa huko Richard Pryor, aliyeungua vibaya mwaka 1980, akausimulia moto huo jukwaani, na filamu ya onyesho lake ikatoka mwaka 1982. Pryor anastahili sifa zote. Lakini hoja hiyo inamruka mtu ambaye Kilwa na Lindi wamezoea kuzika naye: mtani.

Wanaomruka hujikinga kwa nadharia ya mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown. Mwaka 1940, katika jarida la Africa, alieleza utani kuwa uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, wakati mwingine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kupoza uhasama kati ya watu waliofungamana huku wametengana, kama wakwe. Wanafunzi wa sayansi za jamii wanaijua nadharia hiyo. Haina haja ya kurefushwa. Kwa msiba wa Kusini, imepotoka mara tatu.

Kwanza, inataja nani amtanie nani, lakini haigusi kinachosemwa. Maneno ya mtani kwake ni kelele tu zinazoashiria uhusiano, hata yakiwa yametungwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Pili, haielezi kwa nini dhihaka ipambe moto siku ya kifo. Mhadhiri anayeandika haya aliwahi kukaa jamvini na wanawake wa Kilwa Kivinje, kwenye matanga ya mvuvi aliyeacha madeni. Mtani, mama wa makamo, aliingia amevaa kofia na koti la marehemu, akichechemea kama marehemu alivyochechemea, akaanza kuwadai waombolezaji hela ya pweza. Mjane hakuwa ameinua uso tangu asubuhi. Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, kisha akalia upya, safari hii kwa sauti. Hapakuwa na uhasama wowote wa kupozwa chumbani mle. Palikuwa na mwenye uchungu, na mwenzake aliyepewa na jamii haki ya kuugusa.

Tatu, nadharia inasahau kazi. Mtani huchimba kaburi, huteka maji, huhangaika na vyungu. Akilizuia jeneza mpaka apewe chochote, anadai kwa mikono yenye udongo.

Radcliffe-Brown alifanya utafiti wake visiwa vya Andaman na Australia. Aliyewasikiliza watu wa Tanganyika alikuwa R. E. Moreau, na inasikitisha kwamba hasomwi. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege! Alifika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1928. Ndiye aliyempa ndege mmoja wa Uluguru jina la mkewe, Winifred, mwaka 1938. Makala yake ya kwanza kuhusu utani ilitoka mwaka 1941 katika Tanganyika Notes and Records, ya pili mwaka 1944 katika Africa. Alizoea kuorodhesha kiumbe gani kinaonekana wapi, na kiumbe gani kingine kiko jirani. Kwa subira hiyohiyo aliuliza kabila gani lina utani na lipi, na ulianzaje. Ndani ya kurasa hizo watu wana historia yao, hawajageuzwa vielelezo vya kanuni.

Historia ya Kusini ni nzito. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilishusha pembe na watumwa Kilwa Kivinje. Wangoni walivamia Ungindo. Kisha Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, vikaja na njaa na vifo visivyo na hesabu kamili. Waliopigana jana wakawa watani wa leo, wenye wajibu wa kuzikana.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito: mtani hudhihaki msiba wa mwenzake, mchekeshaji wa jukwaani hudhihaki wa kwake. Ni kweli, na kujianika mbele ya wageni kunataka ujasiri. Lakini utani ni zamu. Aliyedhihaki leo, kesho atafiwa, na mwenzake atakuja na kofia ya marehemu. Hata mchekeshaji Said Ngamba, maarufu kama Mzee Small, mzaliwa wa Kilwa aliyefariki Juni 2014, aliwachekesha Watanzania kwa vituko vya mtu mnyonge na ndoa yenye kelele, akiwa na mwigizaji mwenzake Bi Chau. Watazamaji walimcheka kama watani wake, pasipo dharau.

Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na abiria wakakwama. Msiba wa namna hiyo unahitaji msanii anayejua nani ana haki ya kuucheka. Hawezi kulijifunza hilo kwenye filamu za Pryor pekee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) wawapeleke wanafunzi wao wa sanaa misibani Kilwa na Lindi, kwa idhini ya wafiwa, na wawakabidhi jembe kabla ya daftari.