Yatima Aliyebaleghe



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Nsemulwa, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani: leo twamzungumza kijana aliyefiwa na mzazi akiwa na miaka 13, 15 au 17. Wadogo zake hupakatwa na kubembelezwa. Yeye huambiwa, "Usilie, sasa wewe ndiwe baba wa nyumba hii." Binti huambiwa aache shule ashike jiko, au huozwa ili mzigo upungue. Matanga yakianuliwa, hakuna tena wa kumwuliza hali.

Wako wanaojitetea kwamba uyatima hukoma kwa kubaleghe. Neno hilo ni kweli, lakini halijatimia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, tumeamrishwa kuwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na kuwakabidhi mali yao, mbele ya mashahidi, tukiona akili zao zimepevuka. Basi masharti ni mawili: upevu wa mwili na upevu wa akili. Baina yake huenda ikapita miaka, na muda wote huo mlezi hajavuliwa amana.

Mtazameni Mtume (S.A.W.). Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake, Bibi Amina, alifia Abwaa, naye ana umri wa miaka sita. Babu yake akafariki alipokuwa na minane. Ami yake Abu Talib akamlea, na alipobaleghe hakumwambia kazi imekwisha. Alisimama naye mpaka mwisho wa uhai wake. Na miaka mingi baadaye Mtume, akiwa kiongozi wa umma, alizuru kaburi la mama yake, akalia hata waliokuwa naye wakalia. Basi sisi ni nani hata tumwambie mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba siku tatu za msiba zimemtosha? Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Machozi hayakukatazwa.

Kwa hiyo kijana akinyamaza sana, akiwa mwepesi wa hasira, au akirudi nyuma darasani, msimwite mtovu wa adabu kabla ya kumwita faragha na kumsikiliza.

Na mali yake ilindwe. Ikiwa mzazi ameacha kiwanja, shamba la mahindi au duka, jamaa waende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na yakataza kumnyima manufaa ya mali ya mzazi wake. Kijana aonyeshwe hesabu. Apewe fedha kidogo anunue mbegu, kisha aeleze alivyotumia. Huko ndiko kumjaribu.

Nawe kijana uliyefiwa, kumlilia mzazi si udhaifu. Mwombee dua, hakikisha madeni yake yanalipwa kabla urithi haujagawanywa, na watembelee rafiki zake. Kwa hayo wema wako kwake haujakatika.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotangulia, watie nguvu watoto waliowaacha, na utujaalie tuwe walezi waaminifu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.