Maneno kwa Wanachama Juu ya Walezi wa Wazee Wenye Ulemavu wa Akili



Hapa Sericho, aliyezaliwa na ulemavu wa akili hulelewa nyumbani, naye hupewa kazi yake: kuchunga mbuzi, kuteka maji, kuokota kuni. Akizeeka akaanza kuisahau njia ya kisimani, sisi husema, "Ndivyo alivyozaliwa." Hapo ndipo tukosapo.

Aliyezaliwa na hali ya Down ana kromosomu ya 21 iliyozidi, nayo huongeza protini idhuruyo ubongo. Kwa hiyo maradhi ya usahaulifu, ambayo Dakta Alois Alzheimer aliyaeleza mwaka 1906, huweza kumpata angali na miaka 40 na kitu.

Mlezi na afundishwe mambo matatu. Kwanza, amlinganishe mtu huyo na alivyokuwa mwaka jana, si na jirani. Pili, ampeleke kituo cha afya mapema, kwani uziwi, mtoto wa jicho, huzuni na upungufu wa tezi ya shingoni hufanana na usahaulifu, na mengi ya hayo yana tiba. Tatu, asimkaripie, amwambie neno moja moja, wala asimwache atoke peke yake, maana katika nyika yetu apoteaye huweza kufa kwa kiu.

Katiba ya 2010, katika vifungu vya 54 na 57, yalinda heshima ya walemavu na ya wazee. Basi twaomba kila mji umtoe mlezi mmoja aje ajifunze. Aliyetuchungia mbuzi miaka mingi asikose wa kumchunga.