Nani Anaishikilia Elektroni?

Leo nimeweka kando mada niliyowaahidi, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha sita ametuandikia: "Nikijumlisha nishati iliyomo kwenye uga wa umeme wa elektroni, jibu haliishi. Nimekosea wapi?"

Haliishi! Umbali ukipungua kwa nusu, uga unakuwa mara 4. Na kiasi cha nishati katika kila ujazo hufuata mraba wa uga, kwa hiyo kinakuwa mara 16. Punguza tena nusu, mara 256! Chukulia elektroni ni kijimpira, jumlisha nishati yote iliyo nje yake: kila ukikata nusu kipenyo chake kwa nusu, jumla inakuwa maradufu. Ukiifanya nukta tupu, jumla haina ukomo.

Sasa nimlete Max Abraham, mwanafizikia Mjerumani wa Göttingen, mtu ninayempenda katika kisa hiki. Mwanzoni mwa karne ya 20 alishikilia kwamba masi yote ya elektroni inatokana na uga wake, na kwamba ni kijimpira kigumu kisichobonyea. Lorentz, Mholanzi, akasema mwaka 1904: hapana, kikikimbia kinabonyea. Abraham akamrukia: kikibonyea, umeme peke yake hautoshi kukishikilia!

Subirini, kuna mama yuko kwenye simu... Shikamoo mama. Anauliza: chaji za aina moja si hufukuzana? Kwa nini kijimpira hicho kisipasuke?

Mama, hapo ndipo penyewe! Henri Poincaré, Mfaransa, alilijibu hilo mwaka 1905: lazima kuwe na mkandamizo mwingine, usio wa umeme, unaokibana. Kwa hiyo Abraham alikuwa na hoja ya kweli, mama, ya kweli kabisa.

Na vipimo vya mwanafizikia Kaufmann vya mwaka 1905, vya elektroni zitokazo kwenye radiamu, vilimwelekea yeye. Lorentz akamwandikia Poincaré kwamba ameishiwa la kusema. Miaka 3 baadaye vipimo vya mwenzake Bucherer vikageuza upepo, vikawapa haki Lorentz na Einstein, ambaye nadharia yake ya uhusianifu ilitabiri sawa na Lorentz. Abraham alifariki mwaka 1922 bila kuikubali nadharia ya Einstein.

Nimrudie mwanafunzi wetu. Wanafizikia Tomonaga, Schwinger na Feynman walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1965, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kupata majibu sahihi licha ya ukomo huo kukosekana: badala ya kukokotoa masi ya elektroni, waliweka ile iliyopimwa maabara. Hukukosea, mwanangu. Peleka daftari lako kwa mwalimu jinsi lilivyo.