Mrija wa Shingoni: Mambo ya Kumwambia Nesi

Leo nazungumza nawe mama unayemuuguza mgonjwa wa figo, awe mume, mtoto au mama mkwe.

Zamani mgonjwa wa huku kwetu aliyehitaji kusafishwa damu kwa mashine alipelekwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Garissa. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kupeleka mashine hizo katika hospitali za kaunti.

Mara nyingi kazi huanza na mrija unaotiwa shingoni, katika mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kando yake, karibu sana, umo mshipa mwingine unaopeleka damu kwenye ubongo. Ndio huo unaodunda ukigusa shingo. Sindano ikiingia humo kwa bahati mbaya, damu huvuja ndani, shingo huvimba, na mgonjwa aweza hata kupooza. Kwa hiyo madaktari hutumia mashine ya picha, kama ile ya kumtazama mtoto tumboni, kisha hupiga eksirei ya kifua. Ukiuliza, "Daktari, picha imeonyesha mrija uko mahali pake?" hujakosa adabu.

Mrija ukishatiwa, kaa macho. Mwite nesi upesi ukiona shingo inavimba, anapumua kwa shida, kifua kinamuuma, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea. Usingoje asubuhi. Na usiuvute mrija! Kama umeingia pasipo pake, kuutoa ni kazi ya daktari, maana damu yaweza kukataa kukoma.

Mengine huja baada ya wiki kadhaa. Uso na mkono wa upande wa mrija vikivimba, huenda mshipa umeziba. Wapo watakaokushauri uvimbe uchomwe moto au afanyiwe hijama. Hapo shingoni, hapana, mama. Homa na kutetemeka pia ni dalili ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Bandeji isilowe, kuhusu udhu, muulize sheikh.

Je, mrija ukichomoka nyumbani? Mlaze chali, bonyeza tundu kwa kitambaa safi, usifunue kuchungulia, na mpeleke hospitali huku bado umebonyeza. Wewe unayekaa mbali, Modogashe au Dadaab, kabla hujatoka wodini muulize nesi nambari ya simu ya kupiga usiku.