Zahanati, Shule na Nyumba: Mpango Mmoja wa Kuwalinda Binti Zetu Mpakani
(Hotuba kwa wakazi wa Amudat na Bukwo pamoja na majirani zao wa Kenya)



Wengine wenu mmevuka mto Suam asubuhi ya leo ili tukae pamoja. Mpaka uliwekwa juu ya ardhi, lakini haukuwekwa kati ya ndugu. Wapokot wako Amudat na wako Pokot Magharibi. Wasabini wa miteremko ya Mlima Elgon wana jamaa pande zote mbili. Watu huvuka kwa malisho, kwa soko, kwa arusi na kwa matanga, na sisi polisi hatuna nia ya kuukata undugu huo. Neno tulilowaitia ni hili: katika njia hizo hizo huvushwa pia msichana anayepelekwa kukeketwa, kwa tumaini kwamba sheria ya upande wa pili haitamwona.

Tuanze na sheria, maana ndiyo dhamana yetu. Uganda ilitunga sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2010, na Kenya mwaka 2011. Kwa sheria ya Uganda adhabu hufika kifungo cha miaka 10. Na mkosaji akiwa mzazi au mlezi wa msichana, hufika kifungo cha maisha. Ridhaa ya msichana si utetezi. Sheria hiyo humfuata hata nje ya nchi, mradi makao yake ya kawaida yawe Uganda. Kenya nayo imelifanya kuwa kosa kumtoa mtu nchini au kumwingiza kwa ajili ya kukeketwa. Mwaka 2019, mawaziri wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa wakakubaliana kuukomesha ukeketaji wa kuvuka mipaka. Kwa hiyo anayedhani kwamba ng'ambo ya mto ni maficho, ajue kwamba pande zote mbili mlango umefungwa.

Hata hivyo, ndugu zetu, pingu hufika baada ya kisu. Tukimkamata ngariba jioni, aliyekatwa asubuhi harudishiwi alichopoteza. Tena mtoto aliyeokolewa usiku mmoja atahitaji mahali pa kulala kesho, shule mwezi ujao, na baba atakayempokea mwisho wa mwaka. Hayo hayamo katika uwezo wa kituo cha polisi peke yake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Ndiyo maana tunapendekeza kazi ya kupangwa mapema na kwa pamoja, kati ya zahanati, shule na ustawi wa jamii.

Kazi iliyopangwa hujulikana kwa maswali matano. Ni nani aliye hatarini? Tunataka kufikia lengo gani? Nani atafanya nini? Atafanya lini? Na tutajuaje kwamba tumefaulu? Mpango usioweza kuyajibu maswali haya ni nia njema tu, na nia njema haimlindi mtoto.

Kwanza, afya. Mama mjamzito anayekuja kliniki humsikiliza mkunga kuliko anavyomsikiliza askari. Mkunga anayo haya ya kumweleza: mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa akina mama zaidi ya 28,000 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Ilionekana kwamba waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji, ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na ya kumpoteza mtoto mchanga. Na kadiri mkato ulivyokuwa mkubwa, hatari iliongezeka. Mazungumzo hayo yawe sehemu ya kila siku ya kliniki. Waliokwisha kukeketwa wapokewe kwa heshima na kutibiwa, wasiaibishwe.

Pili, elimu. Katika Usabini, msimu wa kukeketa umezoeleka kuwa Desemba ya miaka ya namba shufwa, wakati shule zimefungwa. Basi kazi ya mwalimu ianze kabla ya likizo. Aandike majina ya wasichana waliodokeza hofu, na ampe afisa ustawi orodha hiyo kwa siri. Shule ikifunguliwa, ahesabu waliorudi katika wiki ya kwanza. Kiti kitupu kiulizwe wiki hiyo hiyo, kwa maana baada ya ukeketaji mara nyingi hufuata ndoa ya utotoni na mwisho wa masomo.

Tatu, familia. Hapa ndipo penye uzito. Baba hufikiria ng'ombe wa mahari, bibi huogopa binti atachekwa kisimani. Hofu hizi ni za kweli, wala hazifukuzwi kwa vitisho. Afisa ustawi na mzee wa ukoo waende nyumbani kabla ya msimu, wazungumze na wote wenye kauli, wakubaliane juu ya jambo moja linaloweza kukaguliwa: kwamba binti atakuwa nyumbani likizo nzima, au kwa jamaa anayejulikana, na kwamba muhula ukianza atakuwa darasani. Na msichana akilazimika kuondolewa kwao, mpango wa kumrejesha salama uanze siku hiyo hiyo. Makao ya hifadhi ni daraja, si nyumba.

Haya si ndoto. Kapchorwa, mwaka 1996, ulianza mpango uliowashirikisha wazee wa Kisabini wenyewe, ukaziheshimu mila zao njema na kukiacha kisu. Mwaka 1998 Chama cha Wazee wa Sabini kilipewa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa. Upande wa Kenya, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, na asilimia 15 mwaka 2022. Mila hubadilika pale wenye mila wanapokubali kuibadilisha.

Sehemu yetu sisi polisi ni hii: kupokea taarifa kwa siri, kushirikiana na wenzetu wa upande wa pili bila kungoja barua ndefu, na kulinda njia za mpakani wakati wa likizo. Sehemu yenu ni kusema mapema. Namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo Uganda na Kenya pia. Anayetuambia wiki moja kabla humwokoa mtoto, na humwokoa mzazi asifike gerezani. Anayetuambia siku moja baada hutuachia kazi ya kukamata tu.

Tunaomba kabla ya kutawanyika kila kijiji kitaje mtu wake wa zahanati, wa shule na wa ustawi, na siku ya kukutana kabla shule hazijafungwa. Muhula utakapofunguliwa tutakaa tena, tusome majina, tuhesabu viti. Hesabu hiyo ndiyo itakayotuambia kama tumewalinda.