Mgeni Aliyepewa Jembe: Thawabu ya Utume wa Muda Mrefu Ugenini

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa mara nyingi kwa mzaha, ili mgeni mvivu ajue kwamba siku za kuandaliwa zimekwisha. Lakini ndani yake mna heshima kubwa. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Atalima pamoja na wenyeji na kula pamoja nao, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa. Historia ya Injili katika Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni habari za wageni waliokubali kulipokea jembe hilo. Katika mwaka wa mia moja wa Usharika yafaa kuuliza: walipata nini?

Walutheri hulitamka neno thawabu kwa hadhari, na ndivyo ipasavyo. Mwanadamu haokolewi kwa matendo yake, wala kuvuka bahari hakumpi mtu haki mbele za Mungu. Hata hivyo Bwana mwenyewe, kama isomwavyo katika Marko sura ya 10, aliahidi kwamba aachaye nyumba na ndugu kwa ajili ya Injili atapewa nyumba na ndugu wengi zaidi, pamoja na udhia. Basi thawabu hiyo si mshahara, bali ni zawadi. Na mara nyingi huja kwa njia ambayo msafiri hakuitazamia.

Mfano wa kwanza ni Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Ujerumani ya kusini. Alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Ludwig Krapf huko Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Na habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya wataalamu wa London wakazikataa. Kwa sababu ya siku ile moja jina lake limeandikwa vitabuni. Lakini siku moja si utume wake. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, Rebmann akabaki. Mtoto wake alifariki angali mchanga, na mkewe Emma akafariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, hata waliomtuma wakaona kazi yake kama shamba lisilozaa. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, macho yake yalikuwa yamepofuka. Mwaka uliofuata alifariki huko Korntal.

Je, mtu huyu alipata thawabu gani? Katika miaka ile ya ukimya aliketi na mtu wa Nyasa aitwaye Salimini, aliyekuwa amechukuliwa utumwani hadi pwani. Neno kwa neno, Salimini alimfundisha lugha ya kwao. Yule ambaye wafanyabiashara walimpima kwa bei alikuwa mwalimu, na mmisionari alikuwa mwanafunzi wake. Kamusi iliyotokana na mazungumzo yao ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kuzikwa. Hakupata kuishika mkononi. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu wa kupita. Ilimpasa kukaa mpaka haraka yake imwishe, na mpaka aliyenyang'anywa kila kitu aonekane kuwa na kitu cha kumpa.

Mfano wa pili unatoka kwenye miteremko ya mlima uleule. Wamisionari wa Kiingereza walianza kazi Moshi mwaka 1885, na wale wa Leipzig wakafika mwaka 1893. Miongoni mwa waliofuata alikuwamo Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Kidia, Old Moshi. Alikuja kufundisha, naye akafundisha. Lakini pia aliketi kwa wazee, akasikiliza sheria zao za ardhi na urithi, na mafundisho waliyowapa vijana wao. Kitabu chake juu ya sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926. Mafundisho ya wazee yakafuata katika majuzuu matatu, kati ya mwaka 1932 na 1938. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliwapa watu, na kwamba usharika haupaswi kuvikata bali kuvitakasa. Walikuwapo waliomlaumu kwamba anayashikilia ya kale kupita kiasi, na lawama hiyo haikukosa msingi. Hata hivyo, mengi ambayo wajukuu wangeyatafuta bila kuyapata yamehifadhiwa kwa sababu mgeni mmoja alikubali kuwa msikilizaji.

Lakini thawabu iliyo kubwa kuliko hizi ilionekana mwaka 1920. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, isipokuwa wachache sana. Gutmann naye alikwenda. Kwa hesabu ya kibinadamu, kazi ya miaka 27 ilikuwa imefika mwisho. Haikufika. Walimu wenyeji waliendelea kufundisha watoto na watu wazima, wazee wakasimamia sharika, na ibada za Jumapili zikafanyika, hata kabla ya ndugu wa Augustana kutoka Marekani kuja kusaidia na kabla Wajerumani hawajaruhusiwa kurudi. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wenyeji wa kanisa hilo la kaskazini walibarikiwa. Mwaka 1960 Stefano Moshi akawa askofu. Na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yakaungana kuwa KKKT. Gutmann, aliyefariki mwaka 1966 huko Bavaria, aliishi hadi siku hizo.

Hapa ndipo thawabu ya utume wa muda mrefu inapojulikana. Haipimwi siku msafiri anapofika, wala siku anapopigwa picha pamoja na wenyeji wake. Hupimwa siku anapoondoka, yaonekanapo kama jembe limebaki mikononi mwa watu. Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na Efeso miaka mitatu. Kisha akawaaga wazee kwa machozi, akawaacha na kundi.

Siku hizi safari zimekuwa nyepesi. Ndugu kutoka ng'ambo huja kwa majuma mawili, na wajumbe wa sharika za hapa nao huenda kuwatembelea. Ziara hizo ni njema. Hudumisha upendo, nazo zisidharauliwe. Lakini majuma mawili ni siku za ugeni. Hayamtoshi mtu kuijua lugha, kukosea na kusamehewa, kuzika na kuzikiwa.

Usharika wenye umri wa miaka mia moja umekwisha kupokea vya kutosha. Wako vijana wake waliosoma, na wako walei wenye ujuzi wa hospitali, shule na mashamba. Swali lililoko mbele ya wazee wa kanisa si tena nani atakuja, bali nani atatumwa. Na atatumwa kwa muda gani, na ni nani atakayeitunza familia yake na kumwombea akiwa mbali, hasa katika miaka ambayo barua zake hazitakuwa na habari za ubatizo hata mmoja. Rebmann alipitia miaka ya namna hiyo. Anayemtuma mtu na awe tayari kumsubiri.

Bwana wa mavuno awape watu wake miguu ya kwenda, na neema iliyo ngumu zaidi, neema ya kukaa. Amina.