Kumfundisha Usafi wa Nyumbani Mbwa Mkubwa kwa Umri, Mdogo kwa Umbo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya familia zilizochukua mbwa kutoka vituo vya kuhifadhi wanyama, Dar es Salaam

1. Utangulizi



Wengi wetu tumefika hapa na swali moja. Mbwa niliyemchukua ana miaka minne, ni mtulivu, hana makuu, lakini anakojoa sebuleni. Je, hajachelewa kufundishika? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo imewakatisha tamaa baadhi yetu kabla hata wiki ya kwanza haijaisha. Kwa mbwa inatupotosha. Mbwa mzima ana kibofu kilichokomaa, hujizuia muda mrefu kuliko mtoto wa mbwa, na hushika ratiba upesi. Huyu uliyemchukua alikwisha kufundishwa, ila mwalimu wake alikuwa sakafu nyingine.

2. Sakafu iliyomfundisha

Mbwa huanza kuchagua mahali pa kujisaidia akiwa na wiki nane au tisa hivi, na anachokariri zaidi ni kile anachokikanyaga. Aliyekulia kwenye nyasi hutafuta nyasi. Mbwa wetu wengi wamekulia bandani juu ya saruji, wakifungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Waliopitia vituoni nao mara nyingi wamelala juu ya saruji inayomwagiwa maji kila asubuhi.

Sasa mlete mbwa huyo kwenye nyumba yenye vigae. Kwa nyayo zake, sebule yako ni banda lililoongezwa ukubwa: pagumu, pa baridi, na panapigwa deki kila siku. Akikojoa hapo anafuata somo lake la kwanza. Ndiyo maana unaweza kumtembeza nusu saa kwenye nyasi asifanye lolote, kisha mkivuka kizingiti tu anachuchumaa. Mwenye mbwa hudhani amefanyiwa kusudi, kumbe mbwa alikuwa anaitafuta saruji.

Kwa hiyo msianzie kwenye bustani. Chagueni kwanza sehemu ya nje yenye saruji, kwa mfano kando ya ukuta wa uani. Akishazoea kujisaidia hapo, msogezeni kidogo kidogo kuelekea mchanga na nyasi.

3. Kwa nini mbwa wadogo kwa umbo huchelewa

Sababu ya kwanza ni ya mwili: kibofu ni kidogo na hujaa mapema. Mbwa mzima mwenye afya huweza kujizuia kwa saa sita au zaidi, lakini wa kilo tatu au nne asitarajiwe kufika huko siku za mwanzo. Wakati wa masika nyasi zilizolowa humgusa tumbo, naye hugoma kutoka.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Mbwa mkubwa kama German Shepherd akikojoa sebuleni, familia nzima huitwa kikao. Mbwa mdogo kama Maltese akimwaga kijiko kimoja nyuma ya kochi, dada wa kazi hupitisha tambara na hakuna anayejua. Kosa hurudiwa mara hamsini kabla ya kuitwa kosa.

4. Anza kwa daktari wa mifugo

Mbwa anayekojoa mara kwa mara, au anayelowesha mahali anapolala, apimwe kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya kibofu, kisukari na maradhi ya figo havitibiwi kwa mafunzo. Minyoo na kuhara navyo huvuruga haja kubwa. Dume anayeinua mguu na kunyunyizia kidogo kwenye pembe za makochi anaweka alama ya mipaka yake. Kuhasiwa huwapunguzia wengi tabia hiyo, ingawa si wote.

5. Ratiba ya wiki za kwanza

Mtoeni nje anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Katikati ya hapo, mchana, mtoeni kila baada ya saa mbili. Chakula kiwe mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile, maana tumbo linalopokea chakula huamsha haja kubwa, mara nyingi ndani ya nusu saa. Maji asinyimwe kamwe, hasa katika joto letu.

Mfungeni kamba, mpelekeni mahali palepale, kisha simameni kimya kwa dakika tano. Akimaliza, msifuni na kumpa kipande cha dagaa papo hapo. Zawadi inayongoja hadi jikoni inamsifu kwa kurudi ndani. Msimrudishe haraka pia. Mbwa anayependa kutoka akigundua kwamba kukojoa ndiko kunakokatisha matembezi, atajifunza kuchelewesha.

Asipofanya kitu, rudini naye akiwa bado kwenye kamba iliyofungwa kiunoni mwenu, na mtoke tena baada ya dakika kumi na tano. Kizimba husaidia kwa sababu mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala. Hata hivyo, aliyeishi muda mrefu kwenye banda chafu huenda amepoteza staha hiyo. Kwa huyo, kamba ni bora kuliko kizimba.

6. Akikosea

Mkimkuta katikati ya tendo, pigeni makofi mara moja kwa upole, mbebeni, mtoeni nje. Hapa udogo wake ni neema. Mkikuta dimbwi lililokwisha kupoa, safisheni na mnyamaze. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kwamba binadamu na mkojo vikikutana kuna hatari, naye atahamia uvunguni mwa kitanda na kukataa kujisaidia mbele yenu hata nje.

Usafishaji una kanuni zake. Kausheni kwanza kwa tambara lililotengwa kwa kazi hiyo, ndipo mtumie sabuni yenye vimeng'enya au siki iliyochanganywa na maji. Msimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Na tambara lililofuta mkojo lisiendelee kupiga deki hadi vyumbani. Litakuwa limemchorea mbwa ramani ya choo kipya.

7. Nani hasa anafundisha?

Katika nyumba nyingi, aliyemleta mbwa huondoka alfajiri na kurudi usiku baada ya foleni. Anayeshinda naye ni dada wa kazi, ambaye huenda hakuulizwa. Nyumba za pwani zina jambo la ziada. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, najisi ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Si haki kumkabidhi mtu kazi hiyo kana kwamba ni kufuta vumbi. Kaeni naye, mkubaliane nani atasafisha, mahali gani pa kuswalia patafungwa, na kama ataongezewa malipo. Kisha nyote mtumie neno moja, mlango mmoja na saa zilezile, kwani jifya moja haliinjiki chungu.

8. Hitimisho

Mpeni mbwa chumba kimoja. Wiki nne zikipita bila kosa, mfungulieni cha pili. Mkihama nyumba, rudini mwanzo kwa siku chache, maana sakafu imebadilika. Makosa yakirudi ghafla bila sababu, rudini sehemu ya 4 ya mada hii.

9. Maswali ya vikundi

(a) Mbwa wako alikulia juu ya sakafu ipi, na nyumbani kwako iko wapi inayofanana nayo?

(b) Chora ratiba ya siku nzima ya mbwa wako, na mbele ya kila saa andika jina la mtu.

(c) Kesho saa nane mchana, wewe ukiwa kazini, nani atakuwa ameshika kamba? Yeye alisemaje ulipomuuliza?